Mzazi, umesafisha kioo cha gari kwa ndani?

Gari limeoshwa, linang'aa, watoto wamefungwa mikanda nyuma. Likiingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi saa 11 jioni, jua linashuka mbele ya dereva anayetoka Morogoro, na kioo kilichoonekana safi kinageuka kama mfuko wa nailoni. Michirizi inameta, mwanga unasambaa, barabara haionekani vizuri. Asubuhi shida hiyo humpata anayetoka Mikumi kwenda Morogoro, kwa kuwa naye hulitazama jua.

Barabara Kuu ya TANZAM inakatiza hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Twiga, nyati, pundamilia na tembo huvuka wanapotaka, na mabango ya njiani yanataja faini ya kumgonga kila mnyama. Faini ni jambo dogo. Tembo anayeonekana kwa kuchelewa ni hatari kwa kila aliyemo ndani ya gari.

Vijana wa kuosha magari hukazania nje, kwa sababu ndiko wateja wanakotazama. Ndani kuna utando. Plastiki ya dashibodi ikipata joto hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo. Ongeza pumzi za abiria, moshi wa sigara, vumbi la barabara za vijijini Kilosa, mafuta ya nywele na vidole vya watoto. Polishi ya kung'arisha dashibodi nayo huchangia, ingawa wengi huipenda.

Kufuta kwa kitambaa chenye sabuni nyingi hakuondoi utando huo, kunauhamisha tu. Michirizi hutokana na mambo matatu: maji mengi, kitambaa kichafu na kioo chenye joto, kwani maji hukauka kabla hujafuta. Kwa hiyo egesha kivulini, ikiwezekana asubuhi kabla jua halijapanda. Changanya maji safi na siki nyeupe kidogo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe, ya mvua ni bora.

Nyunyizia kitambaa, usinyunyizie kioo, maana maji yakichuruzika kwenye dashibodi huingia kwenye nyaya. Futa kwa kitambaa cha kwanza chenye unyevu, kisha kausha mara moja kwa cha pili kikavu, ukikikunja upya kila upande unapochafuka. Maikrofaiba inafaa zaidi kwa sababu haiachi nyuzi. Gazeti la zamani hufanya kazi pia, ila wino wake huchafua mikono na mipira ya milango. Vitambaa hivyo vifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha mafuta.

Ndani futa kwa mlalo, nje kwa wima. Ukiona mchirizi, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani. Vioo vya pembeni vishushwe kidogo ili ufikie ukingo wa juu, ambako uchafu hujificha.

Kuna jambo ambalo wazazi wasilichukulie kirahisi. Usichanganye siki na jiki, hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza macho na mapafu, na ndani ya gari gesi haina pa kwenda. Dawa za vioo zenye amonia nazo zisikutane na jiki, na huharibu tinti. Fungua milango yote, watoto wakae mbali hadi harufu iishe. Mtoto mdogo hulamba kioo cha pembeni bila kujali umekipaka nini, hivyo vioo vya nyuma vimalizie kwa maji matupu.

Kazi hii huchukua robo saa. Kuikagua, subiri giza, mtu mmoja asimame nje na kumulika kioo cha mbele kwa tochi ya simu, wewe ukitazama kutoka kiti cha dereva. Michirizi iliyobaki itaonekana yote.