SAFARI YA JAMAA: Panga Siku Mbili za Kurudi

Mwezi huu, sisi wa Nakivale tuongee juu ya safari ya kuona jamaa Kampala, hasa Lubaga, maana wengi wetu tuna dada, mjomba au mtoto anayepanga chumba Nateete au Ndeeba. Kwenda si kazi. Kazi ni kurudi.

Mtu anaaga, "Nitarudi Jumapili," na hiyo Jumapili ndiyo hesabu yake yote. Lakini ukienda kumuuguza dada katika hospitali ya Lubaga, iliyoanza mwaka 1899, daktari hatamruhusu kwa sababu siku ya tikiti yako imefika. Na barabara nayo ina mambo yake. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliharibu daraja kati ya Kampala na Masaka, na hiyo ndiyo njia yetu. Basi zikazungushwa Mpigi, Kanoni na Sembabule. Juni 2021, wakati wa korona, serikali ilifunga usafiri kati ya wilaya kwa siku 42. Aliyekuwa ugenini akabaki ugenini.

Kwa hiyo panga siku mbili: siku unayotaka kurudi, na siku ambayo ikipita utapata hasara. Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Kwetu mara nyingi ni siku ya mgao, na wenyewe mnajua habari ya alama za vidole. Kabla hujaondoka, uliza pale pa mgao nani anaruhusiwa kupokea kwa niaba ya familia. Usimwachie jirani karatasi tu ukadhani yatosha. Kisha hesabu kurudi nyuma, uwe nyumbani siku mbili kabla.

Nauli ya kurudi usitembee nayo. Ukifika utakuta mtoto wa dada anaumwa au kodi imechelewa, na utaona haya kusema huna wakati unayo. Mwachie mtu mnayeaminiana hapa, akutumie kwa simu siku utakayoamua. Tikiti ya kurudi usiikimbilie. Uliza kwanza kama tarehe inabadilishwa bila kulipa tena, na wakikubali, waandike kwenye tikiti yenyewe.

Mwenyeji naye aambiwe siku zote mbili. Chumba kimoja cha Nateete kinalaza watu wengi, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zikiongezeka, nunua posho au makaa bila kungoja kuombwa.

Wakati wa kwenda, shukia Busega au Nateete, usifike mjini bure. Wakati wa kurudi ni kinyume: basi huanzia mjini, na ukilisubiri njiani siku za Krismasi, Pasaka au shule kufunguliwa, laweza kukupita limejaa, na nauli siku hizo hupanda. Ondoka asubuhi, ufike Mbarara kungali mchana upate gari la huku.

Mwisho, beba kitambulisho chako. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kutembea nchini, kwa masharti yaliyowekwa, lakini njiani wanataka kuona kitambulisho.

Wasalimieni wa Lubaga. Safari njema, na kurudi kwema zaidi.