Maji ya Marangu hayachemki kwa nyuzi 100

Kitabu cha Fizikia kinasema maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Mwalimu akiyachemsha mbele ya wanafunzi kule Marangu, kipimajoto kitagota karibu na 95 na hakitapanda tena hata moto ukiongezwa. Mwanafunzi wa dawati la mbele atanyoosha mkono: mwalimu, kitabu kimekosea au kipimo ni kibovu?

Hakuna kilichokosea. Kadiri unavyopanda mlima, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Moshi mjini ni kama 97, Tanga kando ya bahari ni 100.

Sasa fikiria mwalimu wa Tanga, wa Moshi na wa Marangu wapo kwenye kundi moja la WhatsApp. Wote wanachemsha maji siku moja, wanapiga picha kipimajoto na kutumiana. Wanafunzi wa shule tatu wanauona mlima kwenye namba. Jaribio hilo shule moja haiwezi kulifanya peke yake, hata iwe na maabara ya kisasa kiasi gani.

Msomaji utauliza, mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye somo la Fizikia? Nafuata sufuria ya maharage.

Maji yakichemka kwa nyuzi 95, maharage huchelewa kuiva. Kuni zinakwisha, gesi inakwisha, watoto wana njaa. Hapo ndipo magadi yanapoingia jikoni, kwa sababu hulainisha maharage na makande haraka. Lakini watafiti waliochunguza meno ya watoto mkoani Kilimanjaro waliyataja magadi kuwa njia mojawapo ya kuingiza floraidi mwilini, hata kwenye vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi nyingi.

Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, hasa kabla ya umri wa miaka minane. Yakiota, yana mabaka meupe au ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hufika hadi kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu, ila hakuondoi floraidi.

Wangapi wamewahi kumgombeza mtoto kwamba hapigi mswaki, kumbe meno yake yalipata rangi kabla hayajaota? Wangapi hufumba mdomo wanapopigwa picha? Haya yote yanaweza kufundishwa kwa kipimajoto, sufuria na kipande cha magadi kutoka nyumbani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia mwalimu kwamba jambo hilo linawezekana.

Shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja tu wa Kemia au Fizikia. Akikwama hana wa kumuuliza kwenye ofisi ya walimu. Simu ndiyo ofisi yake ya pili. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu kwenye maktaba mtandao, na mpango wa MEWAKA wa mafunzo endelevu kazini unawataka walimu wajifunze kwa pamoja. Shule Direct nayo imekuwa ikitoa notisi mtandaoni tangu mwaka 2013. Lakini muulize mwalimu kundi lake lina nini, na wengi watakutajia azimio la kazi, andalio la somo na mitihani ya majaribio, hasa tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024.

Hayo yanahitajika. Ila faili likipokelewa na kuchapishwa bila mtu kusema lilivyofanya kazi darasani, kosa nalo husafiri. Mfano ni tindikali kali: humiminwa taratibu ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Sentensi hiyo ikigeuzwa kwenye notisi zinazosambazwa, kuna mwanafunzi atakayeungua uso. Kundi zuri ni lile ambalo mtu hujibu: nimejaribu, imetoka hivi, hapa parekebishwe.

Nchi yetu ina mfano wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa maziwa moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la ufundishaji wa Fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Tofauti ya waalimu wale wawili haikuwa vifaa. Mmoja alilimaliza swali pale pale, mwingine alikwenda kulipima.

Mzazi, una nafasi yako. Kwenye kikao cha shule, uliza mwalimu wa sayansi analipiaje bando, maana mara nyingi linatoka mfukoni mwake. Mtoto akiomba ndizi mbichi, ndimu au magadi ya kupeleka darasani, mpe. Akirudi na swali kuhusu maji mnayokunywa nyumbani, msimcheke. Na maharage yalowekeni usiku kucha, yataiva mapema bila magadi.

Nanyi walimu, mkishatuma faili, tumeni na matokeo. Sisi huku nyumbani tunayahitaji kuliko mnavyodhani.