Ndege inanusa tu mafuta, lakini rubani je?



Tukisikia mtu ana ndege yake binafsi, wengi wetu akili inakimbilia kwenye jeti za mabilionea: viti vya ngozi, marubani wawili na mhudumu wa vinywaji. Leo naomba tuweke jeti pembeni. Nataka tuongelee ndege ndogo za injini moja, za watu wanne, ambazo mwenyewe ndiye anayerusha. Huko Marekani ziko kwa maelfu, na wenye nazo wengi si mabilionea. Ni madaktari, mawakili, wakulima na wafanyabiashara wa kawaida.

Katika kundi hilo kuna zinazosifika kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai nyumba moja: zina kasi, halafu zinanusa tu mafuta. Mfano mzuri ni Mooney 201, ambayo kwa jina la kiufundi ni M20J. Toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1977, na kiwanda cha Kerrville, Texas, kiliendelea kuiunda hadi 1998.

Hiyo 201 si namba ya kupamba. Ni kasi yake ya juu kwa maili, yaani takriban kilomita 323 kwa saa, kwa injini ya nguvu za farasi 200. Kinachonivutia ni jinsi walivyofika hapo. Mooney iliyotangulia, M20F, nayo ilikuwa na farasi 200, lakini ilikuwa na kasi ndogo zaidi. Mhandisi Roy LoPresti na wenzake hawakuongeza farasi hata mmoja. Walilaza zaidi kioo cha mbele, wakaunda upya kifuniko cha injini, wakafunika matairi vizuri yanapokunjwa ndani na kuziba mianya iliyokuwa inakamata upepo. Kwa kifupi, waliondoa vizuizi, kasi ikaja yenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani hujifunzia, inakwenda kama kilomita 220 kwa saa na kunywa kama lita 32 kwa saa. Mooney 201 inakwenda kama kilomita 285 na kunywa kama lita 38. Kwa safari ya kilomita 600, Cessna itatumia saa 2 na dakika 44 na lita kama 87. Mooney itatumia saa 2 na dakika 6 na lita kama 80. Umefika mapema kwa zaidi ya nusu saa, na mafuta yamebaki. Nani asiyetaka?

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ndege ya namna hii si rahisi kama hesabu yake ya mafuta inavyoonyesha. Ule muda na yale mafuta unayookoa, sehemu yake ni deni. Usipolilipa kwa mazoezi, siku moja utalilipa kwa njia nyingine.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu umbo lile lile linalopenya hewa kirahisi ndilo linalokataa kupunguza mwendo. Ukishusha pua kidogo tu, kasi inapanda haraka. Ukija kutua na kasi ya ziada, ndege inaelea juu ya njia huku lami inaisha mbele yako. Matairi yanakunjwa, kwa hiyo lazima ukumbuke kuyashusha. Na kwa kuwa inakwenda haraka, unafika kwenye wingu baya kabla hujamaliza kufikiri.

Historia inatufundisha. Beechcraft Bonanza, iliyoingia sokoni mwaka 1947 ikiwa na mkia wa umbo la V, ilikuwa ya ajabu kwa kasi na uchumi wa mafuta. Machi 1949 rubani William Odom aliirusha kutoka Honolulu hadi Teterboro, New Jersey, bila kutua, kwa saa 36. Lakini ndege hiyo hiyo ilikuja kubandikwa jina baya mitaani: muuaji wa madaktari. Ni kweli mkia wenyewe ulikuwa na udhaifu, na katika miaka ya 1980 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza uimarishwe. Ila lile jina halikuwasema mafundi seremala. Liliwasema watu wenye pesa za kununua kasi na wasio na muda wa kuizoea.

Mwingine ni John F. Kennedy Mdogo. Ndege yake, Piper Saratoga, haikuwa bahili wa mafuta kama Mooney, lakini ilikuwa ya injini moja, ya kasi na ya matairi ya kukunja. Usiku wa Julai 16, 1999 aliirusha kuelekea Martha's Vineyard akiwa na mkewe Carolyn na shemejiye Lauren. Kulikuwa na giza na ukungu juu ya bahari. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa pekee. Alikuwa na uzoefu wa takriban saa 310, lakini ndani ya ndege ile ni kama saa 36, na nyingi kati ya hizo alikuwa na mkufunzi pembeni. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo akashindwa kuidhibiti ndege. Hawakukuta ubovu wa mitambo. Watu watatu walikufa ndani ya ndege nzima.

Mtasema sheria ipo. Ipo, lakini tuiangalie. Marekani, rubani wa ndege ya farasi zaidi ya 200 anatakiwa apate mafunzo maalumu na saini ya mkufunzi. Mooney 201 ina farasi 200 kamili, kwa hiyo inapita hapo bila kuguswa! Sheria inahesabu farasi, haihesabu kasi. Inabaki saini ya ndege yenye matairi ya kukunja, ambayo inatolewa mara moja tu, bila idadi ya saa iliyopangwa. Baada ya hapo, kila miezi 24 rubani anapitiwa na mkufunzi kwa angalau saa 1 darasani na saa 1 hewani. Saa moja hewani kwa miaka miwili! Kampuni za bima mara nyingi zinadai zaidi ya hapo, na katika hili nawaunga mkono watu wa bima, jambo ambalo silifanyi kila siku.

Wapo watakaosema suluhisho ni kununua ndege ya polepole. Sikubaliani nao. Ndege ya polepole nayo inaua anayeidharau, na ufundi wa kusafiri mbali kwa mafuta kidogo ni jambo la kuheshimiwa. Tatizo ni ile bajeti ya mnunuzi. Ataandika bei ya ndege, hanga, bima, ukaguzi wa kila mwaka na pesa za kuifumua injini ikikaribia saa 2,000. Mstari wa mkufunzi hauoni. Mimi nasema uwe wa kwanza kuandikwa: saa za kutosha na mtu anayeijua ndege hiyo hiyo kabla ya kubeba familia, halafu mazoezi kila mwezi, yakiwemo ya kuruka kwa vifaa. Na kama kazi zako hazikuruhusu kuruka kila mwezi, ichangie na wenzio, au iuze.

Maana abiria aliyekaa kiti cha nyuma hajui ndege inakunywa lita ngapi. Anachojua ni kwamba anayerusha ni baba yake, au mume wake, au rafiki yake, na amemwamini.

Nawasilisha. Wenye mawazo tofauti, uwanja ni wenu.