Kompyuta haitammalizia mwanao dozi (sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu wa Kwaluguru, Handeni, Korogwe na popote mlipo, leo nina ugomvi kidogo na nyie.

Mama mmoja kaleta mtoto, homa imerudi. Namuuliza, dawa mseto ulimpa siku zote tatu? Akacheka: "Nesi, siku ya pili alikuwa anacheza. Vilivyobaki nimemwekea mdogo wake."

Sikilizeni. Dawa nyingi ni kama ufunguo, na protini ya kimelea ni kufuli. Ufunguo ukishika vizuri, kimelea kinakufa. Kufuli ikibadilika kidogo tu, ufunguo unacheza humo ndani. Ndivyo SP ilivyoshindwa kutibu malaria, tukahamia mseto mwaka 2006. (Wajawazito, SP ya kliniki ni ya kukinga, endeleeni kumeza.)

Siku hizi kompyuta zinafundishwa kazi hii. Zinaoneshwa dawa na protini nyingi zilizokwisha kupimwa maabara, zinajifunza, kisha zinakisia dawa mpya itashika kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 2025 ilitoka programu inaitwa Boltz-2, inakisia kwa muda mfupi sana. Hapa hapa Afrika, kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town kinatumia kompyuta zinazojifunza kuchagua dawa za kujaribu dhidi ya malaria.

Nafurahi kweli. Lakini kukisia siyo kutibu. Baada ya kompyuta kuna maabara, kuna majaribio kwa watu, kuna miaka. Na kule Kagera tayari wamepatikana vimelea ambao artemisinini inawaua taratibu kuliko zamani. Mseto wetu bado unaponya, ila tukiuchezea, ufunguo mpya hauko mlangoni.

Kwa hiyo maoni yangu: ufunguo tulio nao unalindwa jikoni kwako, mama. Dozi sita, siku tatu. Ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Mpe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia hiyo dozi, na ukipungukiwa vidonge rudi kituoni. Hata akicheza mpira, maliza.

Na mdogo wake akipata homa, mlete apimwe. Dozi inaenda kwa uzito wake, siyo wa kaka yake.

Haya, semeni ukweli kwenye komenti: nani ana vidonge vilivyobaki kabatini? Sitagomba.

Nesi wenu.