Chanjo imfikie binti kabla ya mimba

Mwandishi, katika makala yako ya malaria, hapo kwenye mimba ya kwanza umepita haraka mno. Mimi ni mkunga mkoani Tanga. Mama anatobolewa kidole, kipimo kinasema hana malaria, kumbe kondo la nyuma limejaa vimelea. Vimenata humo kwa protini iitwayo VAR2CSA, damu ya kidoleni haina habari. Mama anaishiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito pungufu. Kunata huko kwenye kondo kulielezwa mwaka 1996 na Michal Fried na Patrick Duffy, kwa makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya. Baadaye utafiti ukaja kwetu Muheza. Akina mama wa huku wameshachangia vya kutosha, na wao wafikiwe na matunda.

Aliyezaa mara mbili tatu mwili wake hujifunza kuzuia vimelea hivyo. Chanjo za PRIMVAC na PAMVAC, zilizojaribiwa Burkina Faso na Benin, zinalenga kumpa binti kinga hiyo mapema. Chanjo za malaria zilizopo sasa, RTS,S na R21, ni za watoto.

Dawa ya SP ya kuwakinga wajawazito na malaria tunatoa: vidonge vitatu na kikombe cha maji, anameza tukimwona. Lakini miezi mitatu ya kwanza haitolewi, na mwenye VVU anayetumia septrini hapewi kabisa. Wengi huja kliniki tumbo limeshaonekana, vimelea vimeshatangulia. Wafadhili wasiziache chanjo hizi njiani, na wizara zetu ziombe majaribio yajayo yafanyike huku, kwa wasichana ambao bado hawajabeba mimba.