Safari ya Jumamosi kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kipimo cha Mpango wa Shirika

MWANAFUNZI Mkenya anayesoma Beijing akimaliza vipindi vya Ijumaa hana haja ya kumwandikia afisa yeyote barua ndipo aende kuutazama Ukuta Mkuu wa China. Hununua tiketi ya gari la moshi la kwenda Badaling, huonyesha pasipoti, na usiku hurejea mjini kuungana na wenzake katika mtaa wa Sanlitun wenye mabaa na kumbi za muziki. Serikali ya China, ambayo haisifiki kwa ulegevu katika kuwafuatilia wageni, humtaka ajiandikishe polisi mahali anapoishi. Basi.

Sasa msomaji na amfikirie kijana wa Sudan Kusini au wa Kongo anayesomea Kakuma. Naye yumo ugenini, naye ana Jumamosi. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, iko umbali wa takriban kilomita 120, na barabara ambayo zamani ilikuwa mashimo na hofu ya majambazi sasa imetiwa lami kwa sehemu kubwa. Kinachomzuia ni karatasi. Mkimbizi anayetaka kutoka nje ya eneo alilopangiwa hutakiwa kuwa na kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na sababu zinazokubalika kwa kawaida ni matibabu, masomo, biashara au usalama wake. Kutembea tu ili kuona nchi ni sababu ambayo ni vigumu kuiandika katika fomu na ikaeleweka.

Huenda wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo mno katika kambi ambayo mwaka 2025 ilishuhudia mgao wa chakula ukipunguzwa na wakimbizi wakiandamana kwa sababu ya njaa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mambo hayo mawili yameshikana kuliko inavyodhaniwa. Msaada unapopungua, mkimbizi huambiwa ajitegemee, na kujitegemea huanza na miguu. Asiyeruhusiwa kuufikia mji wa pili hawezi kuujua soko lake, wala kupata marafiki watakaomwitia kazi.

Tangu ilipoanzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, Kakuma imekuwa mji kwa kila hali isipokuwa jina. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi watu wapatao laki tatu. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kambi na mji wa Kakuma zilikuwa na biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, ulifanyika hapo mkutano wa TEDx, wa kwanza wa aina yake kuandaliwa ndani ya kambi ya wakimbizi.

Wala mwanafunzi wa Kakuma hakosi pa kwenda jioni. Hoteli za Waethiopia huuza injera na kahawa iliyokaangwa papo hapo, vibanda huonyesha mechi za ligi ya Uingereza, muziki wa Kikongo husikika kutoka kwa spika zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, na kwa miaka mingi shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha filamu uwanjani usiku. Mwenyeji wa Turkana hukaa meza moja na Msomali na Mrundi. Mtu aliyewahi kuyaona hayo hatasadiki kwamba watu hawa wanahitaji kufundishwa jinsi ya kuishi pamoja.

Lodwar nayo ina mengi ya kuonyesha. Ipo sanamu ya Yesu juu ya kilima kinachoutazama mji. Ipo njia ya kwenda Kalokol yenye mawe yaliyosimama ya Namoratunga, ambayo wenyeji husimulia kuwa ni watu waliogeuzwa mawe wakiwa katika ngoma. Kiasi cha kilomita 65 kutoka mjini iko Eliye Springs, ambapo chemchemi na mikoma hukutana na Ziwa Turkana, ziwa ambalo hifadhi zake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Na ipo nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Wakoloni walimleta huku kwa sababu Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mtu hakuingia bila kibali. Kijana wa Kakuma anayetaka kuiona nyumba hiyo leo naye huulizwa kibali.

Tuseme kweli kuhusu chanzo cha masharti haya. Shambulio la Westgate la Septemba 2013 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, yaliwaacha Wakenya na hofu ambayo haikuwa ya kubuni. Serikali ilijibu kwa kukaza sera ya kuwaweka wakimbizi kambini. Hata hivyo, Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua mwezi wa Julai 2013 kwamba amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini ilikiuka Katiba. Hoja ya usalama haiwezi kutumiwa kama kufuli la kila mlango, hasa kwa mwanafunzi ambaye alama za vidole vyake na picha yake vimo katika kumbukumbu za serikali.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilifungua njia. Inawapa wakimbizi kutoka nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hiari ya kuiacha hadhi ya ukimbizi na kufaidi haki zilizomo katika mkataba wa jumuiya. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo sehemu kubwa ya wakazi wa Kakuma ni ndugu zetu wa jumuiya. Lakini hiari hiyo ina bei: anayeiacha hadhi yake anauacha pia ulinzi wake, na wengi hawathubutu.

Kisha ukaja Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 28, 2025, wenye lengo la kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida. Kakuma imepewa hadhi ya manispaa. Viongozi wa Turkana wanauliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo mwenyeji asiye na maji wala shule naye atafaidika. Kwa upande wa usafiri, wenyeji wa Lodwar hawana cha kupoteza. Mwanafunzi anayefika Ijumaa jioni hulala nyumba ya wageni, hula samaki, hulipa bodaboda na huingia katika tamasha la Tobong'u Lore kama mgeni mwingine yeyote.

Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Idara inaweza kuamua kwamba kitambulisho cha mkimbizi pamoja na kile cha chuo vinatosha kwa safari ya siku tatu ndani ya Kaunti ya Turkana, na polisi wa vizuizini wakaelezwa hivyo kwa maandishi. Mpango wa Shirika umepangiwa zaidi ya miaka kumi. Kozi ya diploma ni miaka miwili au mitatu.