Kinga ya Upepo kwa Pikipiki za Kale

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya hoja iliyoletwa katika mkutano uliopita, kwamba mfuko wa mikopo wa Chama uwakopeshe wanachama wenye pikipiki za kale fedha za kununua vioo vikubwa vya kuzuia upepo, vyote vya namna moja, ili vipatikane kwa bei nafuu. Mwenye hoja alikusudia wema, nao waliompigia makofi hawakukosea katika kuiona shida. Ila naona kwamba dawa waliyoichagua yaweza kumdhuru mgonjwa.

Shida yenyewe ni ya kweli. Sisi tunaofanya kazi katika nyanda za juu za kusini twaijua baridi ya Juni na Julai. Mtu aondokaye Makambako alfajiri kwenda Njombe ana safari ya kilometa 60 hivi. Ikiwa hewa ni ya digrii 10, naye aenda mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ngozi yake iliyo wazi huhisi baridi kama ya digrii 5. Vidole hufa ganzi, na mkono wenye ganzi haubani breki upesi. Akifika ofisini, kalamu haishikiki mpaka amekwisha kunywa chai. Basi asemaye kwamba kinga ya upepo ni anasa, huyo hajakilalia kitanda hiki wala hawajui kunguni wake.

Lakini yafaa tuujue upepo kabla ya kupigana nao. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilometa 40 hata 80 kwa saa, msukumo wa upepo huwa mara nne, na nguvu ambayo injini hutoa kwa kuupasua huwa mara nane. Pikipiki yangu ni BSA M20, niliyoachiwa na marehemu baba. Ni ya namna ile iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majeshi ya Uingereza katika vita ya 1939 hata 1945. Injini yake ina ukubwa wa sentimeta za ujazo 496, lakini nguvu zake ni za farasi 13 tu. Mnyama wa namna hiyo ukimbebesha kioo kipana kama mlango, umempa kazi ya pili juu ya ile ya kukubeba wewe.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona. Kioo changu cha kwanza kilikuwa kirefu na kipana, nacho kilifungwa juu ya usukani. Siku za shwari nilikisifu sana. Siku moja, karibu na Makambako, mahali ambapo kila msafiri ajua kwamba upepo hauna adabu, lori kubwa lilinipita. Lilipokuwa ubavuni mwangu lilinikinga na upepo. Lilipokwisha kupita, upepo ukakikamata kioo ghafula kama tanga la jahazi. Usukani uligeuka bila idhini yangu, nikaingia katika nyasi za kando ya barabara. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na mtu aendaye kwa miguu mahali pale. Siku ile nilifahamu kwamba kioo kilichofungwa kwenye usukani huusukuma usukani wenyewe, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo upepo upatavyo mkono mrefu wa kukuongoza utakako wao.

Wako watakaosema, basi tununue bodi kubwa zifungwazo kwenye fremu, zisizogusa usukani. Ni kweli kwamba bodi za namna hiyo zimesifiwa, na BMW R 100 RS ya mwaka 1976 ilitoka kiwandani ikiwa nayo, baada ya kupimwa katika nyumba maalumu ya kupimia upepo. Lakini pikipiki ile na bodi yake vilibuniwa pamoja. Hata mafundi wa mashindano, waliokuwa na fedha na elimu, waliangukia shimo hili. Kiwanda cha Moto Guzzi cha Italia kilijijengea nyumba ya kupimia upepo mwaka 1950, na pikipiki za mashindano zikavikwa bodi zilizofunika hata gurudumu la mbele. Zilikwenda kasi ajabu, ila upepo wa ubavuni ulizisumbua. Na mwishoni mwa 1957 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likazipiga marufuku. Ikiwa wale walishindwa, karani mwenye spana mbili atafanyaje?

Tena kuna jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Injini za kale zilizo nyingi hupozwa na hewa ipitayo kwenye mapezi yake. Upepo uleule unaokutesa wewe ndio unaoiponya injini. Vikinga miguu ni vyema, kwani huzuia matope na mvua. Lakini vikiwa vipana na vikifungwa karibu mno, huinyima injini pumzi, hasa unapopanda mlima polepole na mzigo nyuma. Kwa hiyo viachiwe nafasi, na mwenyewe asimame mara kwa mara katika safari za kwanza atazame kama injini imezidi joto.

Basi nichague nini? Mimi nimekwisha kuchagua kioo kifupi na chembamba, kinachoelekeza upepo mbali na kifua, pamoja na glavu nene, koti lisilopitisha upepo, na vikinga mikono vidogo kwenye usukani. Ncha ya juu ya kioo iwe chini kidogo ya macho, ili mtu atazame juu yake wala si kupitia ndani yake. Kwa maana usiku wa mvua kioo chenye mikwaruzo huzigeuza taa za gari moja kuwa za magari kumi. Kabla ya kutoa hata senti moja, kata boksi gumu kwa umbo unalolitaka, kaa juu ya pikipiki, na mwenzio alishike mbele yako huku ukigeuza usukani kulia na kushoto. Ikiwa linagusa tangi au linakuficha barabara, likate tena. Boksi halina gharama.

Vioo vya siku hizi si vya seluloidi, iliyogeuka manjano na kushika moto upesi. Vilivyo vingi ni vya akriliki au vya polikaboneti. Hiyo ya pili haipasuki kwa urahisi jiwe likiruka, lakini zote mbili ziogopeni petroli: msizisafishe kwayo, bali kwa maji mengi na kitambaa laini. Kila bolti iwekewe washa ya mpira, wala isikazwe kwa hasira. Nanyi mafundi, nawasihi msitoboe taa wala fremu ya pikipiki ya miaka themanini, tumieni vibano. Kioo chaweza kuondolewa kesho, lakini tundu halizibiki likarudi kama zamani.

Kwa hiyo nashauri kwamba hoja isitupwe, bali irekebishwe. Mfuko na ukopeshe, lakini kila mwombaji aeleze aina ya pikipiki yake, nguvu zake, na njia aipitayo kila siku. Na fundi anayeaminika aikague foki ya mbele na beringi za usukani kabla ya kioo kufungwa. Mkopo huohuo uruhusiwe kununua glavu na koti, kwani mara nyingi hivyo peke yake vyatosha. Kununua kwa jumla ni hesabu nzuri kwa karatasi na kalamu, ambazo hutumika sawa katika kila ofisi. Upepo wa Makambako hauulizi tulipata punguzo kiasi gani.

Nasikia kura itapigwa katika mkutano ujao. Naomba kila mpanda pikipiki ahudhurie.

Wasalaam,
Mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Nyanda za Juu